Nyumba ya Mpima Ardhi

Kabla hajagusa nyumba ya mtu, Marsiana Bigirimana alikuwa na desturi moja ambayo wateja wengi hawakuielewa: aliomba akae humo siku nzima bila kufanya lolote. Alifika asubuhi na daftari na chupa ya chai, akaketi pembeni, akatazama. Nani anaamka kwanza, anatokea mlango upi, viatu vinavuliwa wapi, jua linaingia dirisha gani saa nne na linahamia wapi saa kumi. Wengine walidhani ni uvivu. Mfanyabiashara mmoja wa Ngara mjini alimwambia wazi kwamba yeye alimwita mpambaji, hakuita mgeni. Marsiana alimjibu kwa upole kwamba nyumba asiyoijua hawezi kuipamba, na kama bwana ana haraka, mafundi wengine wapo. Yule bwana akamwacha akae. Miezi miwili baadaye alikuwa akiwaalika watu chai sebuleni kwake mara tatu kwa wiki, ilhali zamani hakuwa akimwalika mtu hata maji.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie. Alizaliwa Mabawe, mtoto wa tano katika nyumba ya udongo ambayo mama yake aliisiriba upya kila kiangazi, udongo mweupe juu na majivu chini. Marsiana alikuwa akishika kopo na kumwambia mama mstari umepinda wapi. Alipokua alikwenda Mwanza, akafanya kazi miaka tisa kwenye duka la mapazia na fenicha. Aliingia kama mshonaji, akatoka akiwa ndiye wateja wanayemuulizia kwa jina. Aliporudi Ngara akakodi chumba karibu na soko na kuandika juu ya mlango "Marsiana – Mapambo ya Nyumba", watu walicheka. Mapambo ya harusi waliyajua. Nyumba, walisema, mtu anajipambia mwenyewe, kwa kalenda na vitambaa vya kochi. Hakubishana nao. Alipamba nyumba ya wageni kule Benako, kisha nyumba ya daktari mmoja, kisha ya padri mstaafu aliyetaka chumba cha kusomea kisichofanana na sakristia ya kanisa, na tangu hapo simu yake haikutulia.

Waliomjua walisema kazi yake huitambui kwa alichoweka, unaitambua kwa alichotoa. Akiingia sebule yenye makochi saba, ilibaki na manne. Maua ya plastiki hakuyavumilia. Alipenda mbao za mninga zisizofichwa kwa rangi, mikeka iliyosukwa kwa mkono, ukuta mmoja wenye la kusema na mingine mitatu iliyokaa kimya. Na alipenda, kuliko vyote, kumwona mwenye nyumba siku ya kwanza akikaa mahali palepale alipopangiwa bila kuambiwa.

Suzan Ndassa alimpigia simu mwanzoni mwa Juni, akiwa Mwanza.

"Shikamoo dada. Nimepewa namba yako na mtu wa Benako. Nina nyumba ya baba yangu, Nyamahanga."

"Marahaba. Nyamahanga ya Biharamulo?"

"Hiyohiyo. Tuliijenga miaka sita iliyopita mama akiwa hai. Mama alipofariki, mambo ya ndani yakasimama. Sasa wakwe zangu watarajiwa wanatoka Bukoba kuja kujitambulisha, tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Nataka wakute nyumba inayoeleweka."

Jioni hiyohiyo akatuma picha kumi na nne. Zote zilikuwa za nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kula ndani yake: makochi meupe, zulia jeupe lenye manyoya, meza ya kioo katikati, dari ya jipsamu yenye taa za buluu. Marsiana alizitazama moja moja, akamwandikia kwamba ataanza kwa kwenda kukaa.

Mzee Laurian Ndassa alimpokea barazani. Alikuwa mrefu, amenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ilisimama. Miaka sabini na miwili, thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kupima ardhi serikalini, kuanzia mpakani mwa Burundi hadi ufukweni mwa ziwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Suzan aliniambia utakuja kukaa tu. Nikamwambia huyo ndiye fundi. Sisi pia hatukuanza kupima kabla ya kuuzunguka uwanja."

Alinyoosha mkono, na mkono ule ukaja kidogo kushoto ya pale Marsiana aliposimama. Marsiana akausogelea. Jua lilikuwa machoni mwa mzee, hakulifikiria zaidi.

Ndani palikuwa safi na pamejaa. Makochi makubwa ya kahawia, kabati la vyombo, viti vya plastiki vilivyopangwa vitanovitano, meza ndogo, meza ndogo nyingine, na zulia lililokunjamana ukingoni. Mzee alipita katikati ya vitu vile vyote kwa kasi ya kijana, akafika kwenye kochi lake, akageuka, akaketi bila kulipapasa. Marsiana aliandika kwenye daftari: *anaijua nyumba yake.* Mchana alikuja Nice, mke wa mpwa wa mzee, anayeishi nyumba ya jirani, akaleta chakula, akaondoka na vyombo vya asubuhi. Ilipofika saa nane, Marsiana alitaka kupima ukuta wa dirishani. Meza ndogo ilikuwa njiani, akaisogeza hatua moja, akapima, akaandika, akatoka nje kuutazama ukuta kwa upande wa pili.

Alisikia kishindo akiwa uani. Aliporudi mbio alimkuta Mzee Laurian amepiga goti, redio yake imeanguka na betri zimetawanyika sakafuni.

"Nani ameweka kitu hapa?" mzee alisema kwa ukali. Kisha akacheka kidogo. "Miguu ya uzee hii. Haitazami inakokwenda."

Marsiana alimwinua, akaokota betri. Moja ilikuwa imesimama wazi kabisa kwenye mwanga wa dirisha, nusu hatua kutoka kwenye mkono wa mzee uliokuwa ukitafuta sakafuni. Mkono ulipita kando yake mara mbili. Meza nayo ilikuwa katikati ya jua lile. Mtu yeyote angeiona tangu mlangoni.

Alirudisha meza mahali pake, akaketi kwenye kochi la karibu.

"Mzee, nataka kukuuliza jambo. Ukiona sina haki ya kuuliza, uniambie nami nitaacha."

"Uliza."

"Unaona kiasi gani?"

Mzee Laurian alipangusa goti la suruali, akaikunja mikono.

"La kulia linajua mchana na usiku, basi," alisema. "La kushoto lina tundu katikati. Nilitazama ndani ya darubini ya kupimia maisha yangu yote. Sasa ni kama nimepewa darubini na nimekatazwa kuiweka chini. Kilicho kwenye tundu nakiona. Kilicho pembeni hakipo."

"Ulikwenda hospitali?"

"Miaka miwili iliyopita. Wakasema presha ya macho. Wakanipa dawa ya matone. Ilipokwisha sikurudi."

"Suzan anajua?"

"Nice anajua. Suzan hajui, na hatajua." Sauti yake ilibadilika. "Anakaa ghorofa ya tatu, Mwanza. Ananipenda, mtoto yule. Akijua leo, kesho ananipakia kwenye gari. Nitakaa juu kule kwenye kiti, nasikiliza ngazi za watu wengine. Hapa natembea. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua nne. Mlangoni hadi kochi hili tisa. Kochi hadi barazani kumi na moja. Hatua yangu ni sentimita sabini na tano. Niliipima nikiwa kazini, na mpaka leo haijanidanganya. Aliyenidanganya ni wewe na meza yako."

Marsiana alikubali kosa hilo kwa kichwa, kisha akakumbuka, akalikubali kwa mdomo. "Ni kweli, mzee. Nisamehe."

"Hutamwambia?"

"Sitamwambia. Hiyo ni habari yako. Lakini akiniuliza uso kwa uso sitamdanganya. Na kama nitaona unakwenda kuumia, nitasema."

Mzee aligeuza kichwa mpaka tundu la jicho lake likampata usoni. "Sawa," alisema. "Naona unajua kuweka mipaka."

Njiani kurudi Ngara, picha kumi na nne za Suzan zilimpita Marsiana kichwani, na kila moja ilikuwa mtego. Zulia la manyoya lingemkamata mguu. Meza ya kioo isingekuwepo kabisa mpaka mfupa wa ugoko uikute. Makochi meupe kwenye sakafu ya tailizi nyeupe mbele ya ukuta mweupe yangemezana yote. Taa za darini zingeupiga mwanga kwenye tailizi na kumrudishia machoni. Hakuogopa. Alichosikia kilikuwa ile hamu aliyoifahamu, ya kazi iliyopata sababu.

Alimpigia Suzan siku ya pili.

"Nitakufanyia nyumba ambayo wakwe zako wataisifu mpaka wafike Bukoba," alimwambia. "Lakini picha zako sitazifuata."

"Dada, si ndiyo nyumba za siku hizi hizo?"

"Ni za siku hizi, ila si za baba yako."

"Mimi ndiye ninayegharamia."

"Ndiyo, na nakushukuru. Lakini anayeamka humo kila siku ni yeye. Nikimkosea yeye, wageni watakaa kwenye makochi mazuri na watahisi wako dukani."

Suzan alisema atafikiri. Jioni akaandika: *Sawa, nakuamini. Ila ukuta usiwe wa kahawia.* Marsiana alicheka peke yake. Kahawia wala hakuwa ameifikiria.

Alimchukua Wiston, seremala aliyefanya naye kazi tangu nyumba ya wageni ya Benako, mtu wa kulalamika asubuhi na kufanya kazi nzuri mchana. Kisha akaenda Kibimba kwa bibi Ildefonsa. Mama huyu alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, na alijua kazi ambayo pande zile za mpakani huitwa imigongo: michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa ukutani kwa samadi na majivu, ikiinuka kama kidole kilicholala, kisha inapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Marsiana alikuwa amewahi kumtumia kwa mbao za kutundika. Safari hii alimwomba kitu kingine.

"Nataka mkanda," alimweleza. "Uzunguke nyumba nzima kwa urefu wa nyonga ya mtu mrefu. Anayepita aushike kwa vidole. Na kila chumba kiwe na mchoro wake, ili vidole vijue viko wapi."

Ildefonsa alitazama viganja vyake mwenyewe. "Mtu haoni?"

"Anaona kidogo. Ni siri yake, mama."

"Siri yake nitaitunza. Langi je? Kama haoni, langi ya nini?"

"Kidogo anachoona kinapenda nyeusi juu ya nyeupe. Na wengine wanaokuja wanaona vizuri tu. Nataka wao waone uzuri, yeye aone njia."

Wiston aliposikia alishusha randa. "Samadi? Ndani ya nyumba ya tailizi? Huyo binti wa Mwanza atatufukuza."

"Ikikauka haina harufu. Wewe nichongee makochi."

Kwa wiki tatu nyumba ile ilikuwa na kelele. Viti vya plastiki vilikwenda stoo. Zulia likaenda kwa Nice, ambaye alilipenda tangu zamani. Wiston alichonga makochi manne ya mninga yenye mikono mipana, kila kona imeviringwa kama mpini wa jembe uliozeeka, na yote yakawekwa yakiegemea ukuta ili katikati pawe wazi kama uwanja. Meza ndogo zikajengewa pembeni mwa makochi, haziwezi kusogezwa na mtu, hata mpambaji. Fremu za milango zikapakwa nyeusi, kuta nyeupe yenye maziwa kidogo. Mbele ya kila mlango tailizi laini iling'olewa ikawekwa yenye mikwaruzo, hivyo mguu ulijua mlango kabla ya mkono. Taa Marsiana alizitoa darini akazishusha ukutani, nyuma ya vifuniko vya ukindu alivyosukiwa sokoni Ngara, mwanga ukawa wa kutulia. Barazani, kulia na kushoto mwa ngazi, alipanda mchaichai kwenye vyungu, ili nguo ikiugusa utoe harufu.

Mzee Laurian hakukaa pembeni. Siku ya tatu alileta kofia yake ya kazini na kuanza kusimamia vipimo.

"Kutoka mlango wa chumba changu hadi kona ya korido?"

"Meta nne na sentimita kumi na mbili," Marsiana alisema, utepe mkononi.

"Hapana. Nne na ishirini. Rudia."

Alirudia. Ilikuwa nne na ishirini. Mara ya kwanza utepe haukuwa umefika konani. Wiston alicheka mpaka akaketi kwenye mbao. Tangu siku hiyo hakuna kilichopigiliwa msumari kabla ya mzee kukipitia kwa hatua zake, na Ildefonsa, aliyekuwa akifinyanga mkanda wa korido, alimshika mkono kila jioni na kuupitisha juu ya kazi ya siku ile. Korido ilikuwa na mistari inayopanda na kushuka. Sebule ilikuwa na pembetatu. Karibu na bafu pembetatu ziligeuka miduara, na kwenye chumba cha kulala mkanda ulipungua ukawa mstari mmoja mnene uliokwenda moja kwa moja hadi kichwani mwa kitanda.

Suzan alikuwa aje tarehe ishirini na moja. Alikuja kumi na tisa, saa sita mchana, na gari dogo la mizigo nyuma yake.

Marsiana alikuwa uani anaosha brashi. Alisikia sauti ya Suzan sebuleni, sauti ya mtu aliyefurahi kweli. "Jamani, dada Marsiana. Jamani. Hii ni nini ukutani? Ni nzuri." Akapapasa mkanda, akapiga picha, akakaa kwenye kochi moja, akahamia jingine. Kisha akasema, "Ila katikati pako wazi mno. Nilijua tu. Ndiyo maana nimeileta." Akatoka akaita wapakuzi. Kabla Marsiana hajakausha mikono, watu wawili walikuwa wamekwisha kuingiza meza ya kioo, ndefu, yenye miguu ya chuma iliyochongoka, wakaitua katikati ya sebule na kutoka.

"Suzan, hiyo meza haiwezi kukaa hapo," Marsiana alisema akiingia.

"Dada, mambo mengine yote nimekuachia. Hii moja tu. Nimeibeba tangu Mwanza."

"Naomba tuitoe kwanza, halafu tuzungumze."

"Kwa nini lakini? Niambie sababu moja."

Hapo ndipo mlango wa korido ulipofunguka. Mzee Laurian alikuwa amesikia gari na sauti ya binti yake, na alikuja kwa furaha, bila kushika mkanda, kwa kasi yake ya siku zote, akihesabu moyoni. Uso wake ulikuwa umenyooka kuelekea sauti ya Suzan. Kati yake na Suzan palikuwa na kioo.

Marsiana alikuwa upande wa pili wa chumba, mbali mno kumfikia. Alisema kwa sauti ya chini ileile, ila kila neno likasikika:

"Mzee, simama. Suzan ameleta meza ya kioo, iko hatua mbili mbele yako, inakufika magotini."

Mzee alisimama palepale. Aliinama taratibu, akanyoosha mkono, akaugusa ukingo.

Suzan alitazama mkono wa baba yake ukitambaa kwenye kioo, ukitafuta kinakoishia. Alitazama mkanda ukutani. Alitazama fremu nyeusi za milango, makochi yaliyoegemea kuta. Marsiana aliona kila kitu kikimwingia kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine.

"Baba," Suzan alisema.

"Tulikubaliana," mzee alimwambia Marsiana, bila hasira nyingi.

"Tulikubaliana pia kuhusu kuumia."

"Ni kweli. Hilo nalo tulikubaliana." Akajinyoosha. "Suzan, njoo huku. Zunguka, usije ukaumia wewe mwenye macho."

Suzan alizunguka. Alikuwa analia tayari, kimya kimya, na baba yake alijua kwa pumzi. Akamshika mkono, akauweka juu ya mkanda. "Hapa ni sebule," alisema. "Pembetatu. Twende." Akampitisha nyumba nzima, korido, bafu, jiko, chumba chake, akimtajia hatua na kumweleza kila mchoro, na jinsi alivyogombana na utepe wa Marsiana akashinda. Marsiana na Wiston walibaki sebuleni. Wiston aliitazama meza ya kioo, akamtazama bosi wake, wakashika kila mmoja upande wake, wakaitoa nje bila kuambiana.

Baba na binti waliporudi barazani walikuwa wakibishana, na huo ulikuwa mwanzo mzuri kuliko machozi.

"Utakuja Mwanza."

"Sitakuja. Nyumba yako ina ngazi ngapi?"

"Arobaini na mbili, lakini—"

"Na nikishuka, nashukia wapi? Barabarani. Hapa nashukia kwenye migomba yangu."

"Mwaka mzima nimekupigia simu kila Jumapili, baba. Kila Jumapili unaniambia uko salama."

"Hapo nilikosa," mzee alisema.

Suzan alimgeukia Marsiana. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa kavu. "Na wewe ulijua tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza, saa nane mchana."

"Ulipaswa kuniambia."

"Yalikuwa macho yake, Suzan. Ungeniuliza ningekujibu. Mimi kazi yangu ilikuwa nyumba, na nyumba nimeifanya ikuambie."

Suzan hakuridhika, na Marsiana hakumlazimisha aridhike. Lakini kabla jua halijazama walikuwa wamekubaliana mambo mawili, mzee na binti yake: kwamba yeye atabaki Nyamahanga, na kwamba Jumatatu baada ya wageni kuondoka atapanda gari kwenda kliniki ya macho, na matone hayatakatika tena. Nice aliitwa akakabidhiwa saa za dawa. Alisema angekwisha kuzishika miaka miwili iliyopita kama mtu angemuuliza.

Wakwe walifika Jumamosi, watu tisa, wakiongozwa na mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye heshima zake ambaye macho yake yalikagua kila kitu tangu ngazini. Aligusa mchaichai kwa gauni, akanusa, akatabasamu. Mzee Laurian aliwapokea mlangoni, akawaongoza ndani, akamwonyesha kila mmoja kiti, akaenda mwenyewe kwenye kabati na kurudi na bakuli la karanga mkononi akapita katikati ya uwanja ule wazi bila kusita. Walizungumza saa mbili. Yule mama aliusifu mkanda, akauliza ni kazi ya nani, akataka kujua kwa nini umezunguka nyumba nzima badala ya kukaa ukuta mmoja.

"Kwa sababu sioni," mzee alisema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la kijiji chake. "Hiyo ndiyo barabara yangu."

Wageni walimtazama, wakatazama bakuli la karanga, na mama wa kijana akainuka pale alipokuwa, akaenda ukutani, akafumba macho. Alitembea hadi mlango wa korido akiwa ameshika mkanda, akarudi. "Nimepita," alisema, na watu wakacheka, na mazungumzo ya Suzan na kijana wake yakaendelea vizuri mpaka tarehe ikapangwa.

Mwisho wa Agosti simu ya Marsiana ililia akiwa juu ya ngazi katika nyumba ya mwalimu mmoja Rulenge. Alikuwa Mzee Laurian. Alimwambia kwamba daktari amesema jicho la kulia halirudi, la kushoto watalishika lilivyo. Alimwambia kwamba Suzan sasa huja kila mwezi, na anasogeza vitu, na anavirudisha. Kisha akafikia alichopigia.

"Ule mstari wa chumbani kwangu una kasoro. Unakoma sentimita thelathini kabla ya kitanda. Mara mbili nimejikuta nashika hewa."

Marsiana alifungua daftari lake papo hapo. Kipimo alichoandika kilikuwa cha kitanda cha zamani. Suzan alikuwa ameleta kipya, chembamba zaidi, wiki ya mwisho, na Marsiana hakurudia kupima. Lilikuwa kosa lake.

"Nitakuja Alhamisi na mama Ildefonsa," alisema. "Tutauongeza."

"Njooni asubuhi. Mimi nitashika utepe."

Alimaliza kupigilia pazia la mwalimu, akashuka, akamwambia Wiston, aliyekuwa ameishika ngazi, aandae majivu ya mkanda.